Namba ya Mwaka Jana

Kazi yangu kule Sydney, miaka ile ya korona, ilikuwa kutembea. Watu wamefungiwa ndani, wanatoka kununua mkate kwa hofu, mimi napita katikati ya mitaa ya Guildford nikiwa na barua ya kibali mfukoni, kizibao cha rangi ya chungwa kifuani, mashine begani na fimbo ndefu mkononi. Kwenye ncha ya fimbo kulikuwa na kikombe cha mpira nilichokipitisha juu ya nyasi na nyufa za lami. Mimi natembea, mashine inanusa. Ikinusa gesi inalia kama mtoto aliyenyang'anywa andazi, nami nasimama, naandika namba, naendelea. Kazi hiyo niliisomea wiki mbili kwenye yadi moja ya Ingleburn, nikapewa cheti, nikakipiga picha na kumtumia mama Tanga.

Mama alikionyesha cheti kile kwa kila mwenye macho. Katika masimulizi yake nilikuwa mkaguzi mkuu wa gesi, nina ofisi na watu chini yangu. Kisha akaja mwenyewe, kwa miezi mitatu, kuchunguza kwa nini sijaoa tena tangu niachane na mke wangu. Kabla miezi hiyo haijaisha mipaka ikafungwa. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukazaa nusu nyingine, na muda wote huo aliiona ofisi yangu ikitoka mlangoni kwa miguu kila asubuhi.

"Kwa hiyo," aliniambia siku alipoelewa, "nimekusomesha mpaka kidato cha sita uje unuse ushuzi wa ardhi."

Mimi nina hasira za karibu, nakiri mapema. Nilimkalisha kwenye kochi nikampa mhadhara. Nilimweleza kwamba gesi hii wanayopikia inatoka kwenye visima, nyingine inatoka kwenye miamba yenye makaa ya mawe ambayo wala haiko mbali na Ingleburn, inasukumwa kwenye mabomba mpaka jikoni, na kila inapopita inatoroka kidogo. Kisimani kidogo, mtamboni kidogo, kwenye maungio kidogo. Nikamwambia jina lake, methani, na kwamba ikishafika angani inashika joto la dunia vibaya kuliko moshi wenyewe. Nikamwambia nchi tajiri zimekuwa zikivujisha hivyo tangu bibi yake hajazaliwa, huku sisi tukiambiwa mkaa wetu ndio unaoiua dunia. Nilisema kwa uchungu sana. Ungedhani mimi ndiye niliyeigundua methani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja. "Na wakiona panavuja, wanafanyaje?"

"Inategemea. Kuna mivujo ya leoleo, hiyo wanachimba saa hiyohiyo. Kuna ya mwaka huu. Na kuna midogo, hiyo wanaiandika."

"Wanaiandika?"

"Wanaiandika kwenye orodha. Mwaka unaofuata mtu anarudi kupima kama imezidi. Kama haijazidi, anaandika haijazidi."

"Mimi mtungi wangu ukitoa harufu, napaka povu la sabuni. Povu likifura, nakaza nati. Nakaa nakunywa chai yangu. Hawa watu na utajiri wao wote hawana sabuni?"

Nikamwambia hajui mambo ya kitaalamu.

Nyumba tuliyopanga ilikuwa na ua wa nyuma uliosakafiwa saruji mpaka ukutani, maana mwenye nyumba hakutaka habari za kukata majani. Udongo pekee ulikuwa mbele, ule ukanda wa nyasi kati ya njia ya miguu na barabara, ambao ni mali ya halmashauri lakini kila mtu anaupanda anachotaka. Mwanzoni mwa ile baridi tuliyofungiwa kwa miezi, mama aliung'oa nyasi akapanda sukuma wiki na chainizi. Alivaa koti langu la kazi juu ya kanga, soksi zangu miguuni, na kofia ya sufu aliyoiokota sijui wapi. Wapita njia walimkwepa, wengine wakimpungia mkono kwa mbali, wakidhani ni mfanyakazi wa halmashauri.

Aliyemfanya mama avumilie Sydney alikuwa jirani yetu wa upande wa kushoto. Alikuwa mwanamke wa Burundi, umri wa miaka hamsini hivi, aliyekaa kambini Kigoma miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao huko Doonside, na kwa kuwa kazi yake nayo ilikuwa na kibali, alitoka na kurudi na sare yake ya buluu na barakoa mbili usoni. Kiswahili chake kilikuwa cha Kigoma kilichopita Bujumbura na kusimama kidogo kanisani. Mama alikuwa wa kwanza kukicheka, na wa kwanza kukikosa siku jirani akiwa zamu. Kila alasiri walisimama pande mbili za uzio mfupi wa mbao, mita moja na nusu kama sheria ilivyotaka, wakapiga soga hadi miguu ikafa ganzi. Msikiti ulikuwa umefungwa. Tanga walikuwa wanaamka mama akiwa ameshachoka. Mimi, kwa maelezo yake, si mtu wa kuzungumza naye, maana kila kitu nakigeuza darasa. Kwa hiyo alikuwa na huyo mmoja tu.

Sasa, mboga zile zilistawi. Majani mapana, ya kijani iliyokolea, yamejikunja pembeni vizuri. Alasiri moja jirani alitoka kwenye gari lake, akaziona, akapiga makofi.

"Eh! Mama! Hii sukuma yako! Angalia vile inanona! Mimi tangu nifike hii nchi sijaona mboga nzuri hivi, kweli, hata kwa Wachina hakuna!"

Nilikuwa mlangoni navua viatu. Nilimwona mama amesimama na kopo la maji, anatabasamu, anangoja. Alikuwa anangoja neno moja. Pwani kwetu, mtu akisifia mtoto wa mwenzie, nyumba yake, hata sufuria yake, anamalizia na Mashaallah, na asiposema, mwenye mali moyo haukai. Jirani yetu alikuwa mlokole. Alisifia majani, akasifia mashina, akasifia na mikono iliyopanda, kisha akaingia kwake kulala. Neno halikutoka.

"Umemsikia?" mama aliniuliza.

"Amekusifia."

"Amenisifia kavukavu."

Baada ya siku kumi hivi sukuma zikaanza kugeuka njano.

Hapa inabidi niseme jambo linalonitia aibu. Somo la kwanza kabisa tulilofundishwa Ingleburn, kabla hata ya kushika mashine, lilikuwa hili: angalia majani. Gesi ikivuja chini ya udongo inaifukuza hewa kwenye mizizi, na mmea, mizizi yake ikishaifikia, unakauka. Ukiona nyasi za njano katikati ya nyasi za kijani, simama upime. Na usingoje harufu, kwa sababu udongo unaweza kuila harufu yote kabla gesi haijakufikia puani. Nilipata alama zote kwenye somo hilo. Na kila asubuhi nilizivuka mboga za mama zilizokuwa zikifa kwenye mstari ulionyooka sambamba na barabara, mashine begani, imezimwa ili kutunza betri, nikaenda kutafuta majani ya njano kwa watu wengine.

"Ni mkojo wa mbwa," nilimwambia.

"Mbwa gani anayekojoa kwa rula?"

Nikamwambia basi ni baridi. Nikamwambia anamwagia maji mengi, kesho yake nikamwambia anamwagia machache. Mama aliacha kuniuliza, maana jibu alikuwa nalo tangu mwanzo. Na alasiri moja, mimi nikiwa jikoni na dirisha wazi, alilitoa.

"Jirani, siku nyingine ukiona kitu cha mwenzio, mtaje Mungu."

"Kwani nimefanya nini, mama?"

"Mboga zangu zimeliwa na jicho."

"Jicho ya nani?"

Mama alimnyooshea kidevu. Jirani alishusha barakoa zote mbili. "Unaniita mchawi? Mimi? Mimi nimeokoka, mama! Church yote inanijua!"

"Sijasema mchawi. Nimesema jicho. Jicho mtu anaweza kuwa nalo asijue."

"Ni same thing! Kule kambini mtu akikuambia hivyo unahama blok! Unalala wapi? Unaenda wapi na watoto?" Alikuwa anarudi nyuma kuelekea mlango wake. "Nimekuita mama yangu. Hii miezi yote nimekuita mama."

Mlango wake ulifungwa. Mama alirudi ndani, akaosha mikono muda mrefu kuliko hata wale wa kwenye televisheni walivyotushauri. Nilimwambia ametenda vibaya. Akaniambia nikapime ushuzi.

Kuanzia hapo uzio ukawa uzio. Jirani akitoka, mama anaingia. Mama akitoka, pazia la upande wa pili linashuka. Wiki ya kwanza niliona kama mchezo. Wiki ya pili mama alianza kuzungumza na televisheni. Kila saa tano asubuhi walipotangaza wagonjwa wapya, alikuwa anawajibu, anawauliza hali za nyumbani, anawaambia huyu wa leo suti imempwaya. Chakula alikuwa anapika kingi, anakula vijiko viwili, kingine ananifungia kwenye kopo niende nacho. Akapunguza kupiga simu Tanga. "Nitawaambia nini?" alisema. "Kwamba nimegombana na mtu pekee anayenijua?" Na bado hakuwa tayari kuomba radhi, kwa sababu katika akili yake yeye ndiye aliyedhulumiwa. Niliogopa sana. Mwanamke aliyezika mume na kulea watoto watano bila kuinama, nilikuwa namwona anaisha mbele yangu kwa sababu ya sukuma wiki.

Ikafika Alhamisi moja niliyokuwa nyumbani. Siku hizo sisi wa mitaa iliyobanwa tulilazimika kupimwa korona kila baada ya siku chache ndipo turuhusiwe kwenda kazini nje ya eneo, na majibu yangu yalikuwa yamechelewa. Nilikuwa nimejilaza, nimejifunga msuli kiunoni, nakunywa chai. Nikasikia harufu ya ubani. Si ajabu, Alhamisi mama hufukiza nyumba. Ila harufu ilikuwa inatoka nje. Nikachungulia dirishani.

Mama alikuwa amechuchumaa katikati ya mboga za njano. Amechimba shimo kwa mwiko, pale palipokufa zaidi, kina cha kama kiganja na nusu, ili, kama alivyonieleza baadaye, moshi uingie kwenye mizizi. Ndani ya shimo ameweka chetezo chenye makaa yanayowaka, na anatia ubani, chumvi ya mawe na pilipili kavu, anasoma.

Niliona mstari wa njano, shimo na makaa ya moto, vyote kwa pamoja, na lile somo la Ingleburn likanirudia lote kwa mkupuo mmoja. Nilipiga ukelele. Wakati huohuo pakasikika mlio mdogo, kama mtu anayefungua chupa ya soda, na pembeni ya chetezo ukasimama mwali wa buluu. Haukuwa mkubwa, urefu wa mkono tu. Ulitoka ardhini, hauna kuni wala makaa, na ulikuwa unacheza.

Mama hakukimbia. Mama aliinuka, akaunyooshea kidole.

"Ndilo hilo!" alipaza sauti. "Ndilo hilo, limetoka! Tazama, mwanangu, nimelitoa!"

Nilitoka mbio na msuli, nimeshika mashine mkono mmoja na simu mkono mwingine, kumbe msuli nao ulihitaji mkono. Lakini jirani alinitangulia. Alikuwa ametoka zamu, bado ana sare, na aliruka ule uzio kwa namna ambayo sikutegemea kwa mtu wa miaka yake. Alimkamata mama kiunoni, akamburuta mpaka upande wa pili wa barabara.

"Niache, usiniguse," mama alikuwa anasema, huku amemshika shingoni kwa mikono miwili.

Jirani akarudi na kopo la udongo, akaumwagia mwali. Ukazimika, kisha ukaibuka hatua moja mbele, kwenye mstari uleule.

"Don't put it out!" nilimpigia kelele. "Uache uwake! Ukizimika gesi itaingia ndani ya nyumba!"

"Ni gesi?" aliuliza.

"Ni gesi!"

Alinitazama, mashine yangu inalia mkononi, msuli wangu nimeung'ata kwa meno. "Na wewe si ndiyo kazi yako?"

Watu wa zimamoto walikuja, kisha gari la wachimbaji la kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi. Mtaa mzima ulikuwa kwenye madirisha. Baada ya miezi ya kutoona chochote, nadhani wengine walitushukuru. Wachimbaji walifunga gesi, wakachimba, wakakuta bomba la zamani la chuma, ungio lake limeoza. Msimamizi wao, mtu mnene mwenye ndevu zinazotoka chini ya barakoa, alinionyesha kompyuta yake ya mkononi.

"It's been on the list for years, mate," aliniambia, kwamba mvujo huu uko kwenye orodha miaka mingi. "Look."

Nikatazama. Mvujo wetu ulikuwa umeandikwa katika lile kundi la midogo, tungoje tuone. Chini yake kulikuwa na safu ya vipimo vya kila mwaka. Namba ilikuwa moja. Mwaka huu namba hiyo, mwaka uliotangulia hiyohiyo, na uliotangulia huo hiyohiyo, na nukta yake na tarakimu iliyo baada ya nukta. Hakuna gesi duniani inayovuja kwa adabu namna hiyo. Kila mkaguzi alikuwa amenakili ya mwenzie. Na mkaguzi wa mwisho kabisa, mwaka huohuo, alikuwa ameweka herufi za mwanzo za jina lake, nazo zilikuwa zangu.

Nilikumbuka palepale. Ilikuwa Ramadhani. Mtaa wetu ulikuwa wa mwisho kwenye orodha ya siku hiyo, nimefunga, miguu imevimba, na kutoka pale nilikuwa naiona taa ya jikoni kwangu na mama akipanga tambi. Nilijiambia, hapa ni kwangu, kama pangekuwa na kitu si ningejua. Nikatazama namba ya mwaka jana, nikaiandika, nikaenda kufuturu. Mwezi uliofuata mama akang'oa nyasi, akapanda. Na mimi ndiye niliyekuwa nafoka kwenye kochi kuhusu nchi tajiri na mivujo yao! Najiuliza mpaka leo, zile hesabu kubwa ambazo serikali hupeleka mikutanoni, kwamba mwaka huu tumevujisha kiasi hiki, ni ngapi kati ya hizo zinatoka kwa mtu mwenye njaa aliyeona taa ya jikoni.

Jioni ile, wachimbaji walipoondoka, nilikaa na mama. Nilidhani kazi ni rahisi. Si jicho, mama, ni bomba. Umemsingizia mtu, nenda kamwombe radhi.

Mama akauliza, "Na bomba limetobolewa na nini?"

"Limeoza."

"Lilikuwa zima, akalisifia juu, likatoboka chini. Jicho halichagui, mwanangu. Linapita majani, linafika mpaka kwenye chuma."

Nilipiga hatua sebuleni, nikarudi. "Halikutobolewa juzi, mama. Linavuja miaka na miaka. Kabla hujaja. Kabla yule dada hajahamia hapa."

"Nani kakwambia?"

Ningeweza kusema wachimbaji. Lakini mama ana namna ya kuuliza swali la pili, na la tatu, na mimi nilikuwa nimechoka kumwona akila vijiko viwili.

"Imeandikwa," nilisema. "Kila mwaka mtu anakuja, anatakiwa apime, anaandika. Mwaka huu aliyekuja ni mimi. Sikupima. Niliandika namba ya mwaka jana."

Mama aliinuka, akajitanda kanga kichwani, akavaa barakoa yake akaivuta mpaka machoni. "Twende," alisema. "Utaanza wewe."

Tulisimama kwenye uzio. Jirani alitoka baada ya kuitwa mara tatu, akakaa kwenye ngazi ya mlango wake, mbali kuliko sheria ilivyotaka. Nilimweleza yote, ungio, orodha, namba, futari. Nilitumia maneno mengi ya kitaalamu na mama akanipiga kiwiko, nikarudia kwa maneno machache. Kisha mama akasema yake. Alisema, "Nimekusingizia. Nilikuwa na hofu na hasira nikakutwisha wewe, na wewe ndiye uliyenitoa motoni. Nakuomba radhi mbele ya mwanangu."

Jirani alikuwa anaitazama mikono yake.

"Hii mambo ya kuandika ya mwaka jana," alisema hatimaye, akinielekea mimi, "mimi naijua. Kule kambini mwaka moja watu wa orodha walikuja, jua ilikuwa kali, blok yetu iko mwisho. Hawakufika. Waliandika ile ya mwaka jana. Mimi nilikuwa nimezaa. Miaka mbili mtoto yangu hakuwa kwenye karatasi. Analia, anatembea, anaita mama, lakini kwenye karatasi hayupo, basi chakula yake haipo. Alikula ya kwangu. Wale watu hawakuwa wabaya, unajua? Walikuwa wamechoka tu. Walikuwa wanataka kwenda kwao."

Aibu niliyoona pale sijawahi kuiona kabla wala baada, na nimeachika.

Mama alifungua kile kigeti kidogo, akaingia uani kwa jirani, akapuuza mita zote za serikali, akakaa naye kwenye ngazi. Akamshika mkono. Kisha mama akaniinulia uso.

"Umenakili mitaa mingapi?"

"Mama, huu tu."

"Mingapi?"

"Ramadhani nzima," nilisema. "Ile ya mwisho wa siku. Sikumbuki yote."

"Utaikumbuka. Kesho asubuhi utampigia bosi wako umwambie, na kama akikufukuza, akufukuze. Halafu tutaipita mitaa hiyo yote tukitafuta majani ya njano. Tunaruhusiwa saa moja ya mazoezi kwa siku, si ndiyo?" Akamgeukia jirani. "Shoga yangu, kesho una zamu?"

"Kesho niko off."

"Una viatu vya kutembelea?"

Jirani alinipima kwa macho kuanzia juu mpaka chini, akainuka, akaingia ndani kuvitafuta.